Mwaka Niliomwondoa Bi Fatu Kwenye Kundi

Mwezi uliopita tulimzika Bi Fatu Nalinga kule Mahurunga. Nilikwenda kwa gari langu mwenyewe, na nyuma nilipakia magunia mawili ya mchele na katoni za maji, kama inavyompasa mtu aliyefika nilipofika mimi. Bi Fatu alikuwa Mmakua, kwa hiyo watani wake Wamakonde walifanya kazi yao ya msibani bila aibu. Mmoja alijifunga kanga ya marehemu kifuani, akawa anazunguka uani kwa ule mwendo wa Bi Fatu wa kuutupa mguu wa kushoto, huku akiwagombeza wapishi kwamba chai ina moshi. Mwingine alijilaza mbele ya jeneza na kusema hanyanyuki mpaka aletewe soda ya baridi, na iwe baridi kweli, si ya kudanganyia watoto. Wanawake waliokuwa wakilia walicheka, kisha wakalia tena. Mimi pia ni Mmakonde, mtani wake halali, na watu walinitazama wakisubiri niseme la kwangu. Nilikaa kwenye jamvi na sahani ya pilau magotini, nikaendelea kula. Mawazo yangu yalikuwa yamerudi kwenye mwaka niliorejea Mtwara, mwaka ambao mama huyu alinifundisha jambo ambalo chuo kilichonipa stashahada hakikunifundisha.

Nilikozaliwa na aliyenilea hayahusiki hapa. Inatosha kusema niliondoka na begi moja la mgongoni, nikarudi baada ya miaka tisa nikiwa na stashahada ya teknolojia ya habari, kompyuta mbili, na maarifa ambayo siku zile watu wachache mno Mtwara walikuwa nayo. Stashahada hiyo niliisomea jioni, mchana nikibeba mizigo ghalani Dar es Salaam. Hakuna mjomba aliyenipigia simu mahali, wala mtu aliyenishika mkono. Nalisema hili kwa sababu vijana wa leo hudhani vitu huja vyenyewe. Nilipata chumba cha uani Shangani, nyumbani kwa Mwalimu Teresia, Mhaya wa Bukoba aliyekuwa akifundisha jiografia. Mumewe alikuwa karani bandarini. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha moja lililotazamana na jiko lao la nje, kiasi kwamba nilijua watakula nini kabla wao hawajakaa mezani, na mazungumzo yao niliyapata yote, nitake nisitake. Mwalimu alikuwa akilalamika kila Jumamosi kwamba ndizi za Mtwara ni tamu mno, haziwezi kuwa mboga. "Basi pika ugali wa muhogo kama wenzako," mumewe alikuwa akimjibu. "Miaka sita hapa bado unatafuta Bukoba kwenye sufuria."

Ulikuwa msimu wa korosho. Malori yalipanga foleni kuelekea bandarini, na mimi nilikuwa nikitengeneza kompyuta za mawakala wa forodha, kazi iliyonipa heshima na muda wa kutosha. Ni katika muda huo nilianzisha kundi. Wazo lenyewe lilitokea jikoni kwa Mwalimu. Alikuwa akinunua mchele kwa mkulima mmoja wa Mahurunga, Mzee Hamisi Chilumba, mtu mrefu mwenye mashavu yaliyobonyea, na siku hiyo mzee alifika saa tisa alasiri akiwa amelowa matope mpaka kiunoni. Nilimsikia akieleza kwamba barabara ilikuwa imekatika, kwamba watu wa vijiji vya mbele walilijua hilo tangu jana yake, lakini yeye hakujua. "Wote wana simu," alisema Mwalimu. "Wote, Mwalimu. Lakini kila mmoja anampigia shemeji yake," mzee alijibu. Nilitoka chumbani na kuwaambia hilo ni tatizo dogo, nitalimaliza ndani ya wiki moja.

Na nililimaliza. Kwa wale ambao leo wanayo mambo haya mikononi na hawayafikirii, nieleze yalivyokuwa. Simu za kupangusa zilikuwa zimeanza kufika hata kwa wakulima. Si kila mtu alikuwa nayo, lakini kila mtaa ulikuwa na mtu mwenye nayo. Nilifungua kundi nikaliita Habari za Mto na Barabara, nikawaingiza watu wa Mahurunga, wa mashamba ya juu ya mto Ruvuma, wa mjini, na watoto wao walioko Lindi, Masasi na Dar es Salaam. Kundi peke yake ni kama gulio. Kila mtu anapiga kelele, na ya asubuhi huikuti jioni. Kwa hiyo nilitengeneza pia ukurasa wa pamoja mtandaoni, ambao yeyote katika kundi angeweza kuufungua na kuandika. Niliugawa kwa lebo: MTO, BARABARA, ZAHANATI, SOKO, MSIBA. Mtu akiandika kwamba kalavati fulani limezama, habari inakaa chini ya BARABARA. Kesho yake mwingine akipita na kukuta maji yamepungua, anairekebisha palepale bila kumwomba mtu ruhusa. Sijasahau nilivyokuwa nikikaa kitandani nikitazama ukurasa ule ukijiandika wenyewe. Mama mmoja aliandika kwamba chanjo za watoto zitakuwa Jumanne. Muuguzi akasahihisha, Jumatano. Mwanamume wa kijiji cha pili akaongeza kwamba kijijini kwao ni Alhamisi. Watu watatu ambao hawajawahi kuonana walikuwa wametengeneza habari moja iliyo sahihi kuliko ambavyo yeyote kati yao angeweza peke yake. Nilijua hakuna mtu mwingine kusini kote aliyekuwa na kitu kama hicho, na nilihakikisha nimewaambia mawakala wote wa forodha.

Bi Fatu aliingizwa kwenye kundi na binti yake aliyemnunulia simu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye nyumba Mahurunga na shamba la mpunga kule juu pamoja na dada yake. Kuandika hakuweza, au hakutaka, alituma sauti. Sauti zake zilikuwa ndefu, zikianza na salamu kwa kila ukoo, zikipita kwenye jogoo wake, zikimtukana Mmakonde mmoja au wawili, na mahali fulani katikati zilikuwa na habari. Mimi aliniita mla panya, tusi la utani wanalotupiwa Wamakonde, tangu siku ya kwanza. "Mla panya wa Shangani, umeamka? Huku mto umelala tu kama mkwe wako, haujambo." Watu walizipenda sana. Mimi zilinichosha, kwa sababu sauti huwezi kuiwekea lebo bila kuisikiliza yote, na kila jioni nilikuwa na sauti zake na za wengine waliomwiga. Nikaanza tabia ambayo sikumwambia mtu. Nilisikiliza mwanzo tu, nikipata neno la msingi naiandika ukurasani, naenda kwa inayofuata.

Jioni moja ya Januari ilikuja sauti yake inayoanza hivi: "Jamani, msiba. Hamisi Chilumba amefariki, tunazika kesho alasiri." Nilishtuka, nikakata sauti hapo, nikaandika chini ya MSIBA kwa ufasaha wangu wote: Mzee Hamisi Chilumba wa Mahurunga amefariki dunia. Mazishi kesho alasiri. Nikatuma taarifa hiyo kwa kundi zima na kwa watoto walioko mbali, nikamgongea Mwalimu mlango kumpa pole. Nilisifiwa sana jioni ile kwa wepesi wangu.

Kesho yake Mwalimu Teresia alikodi pikipiki mpaka Mahurunga, akiwa amevaa nguo nyeusi na kanga mpya ya rambirambi ndani ya mfuko. Aliniambia baadaye alivyoingia uani akainamisha kichwa na kumkuta marehemu amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anatafuna muwa. "Karibu Mwalimu," mzee alimwambia. "Nani amekufa?" Hilo lingeweza kuwa la kucheka mwaka mzima. Lakini Somoe, binti wa mzee, alikuwa ameisoma taarifa yangu akiwa Lindi. Alipanda basi la kwanza, akafika akilia, akamwona baba yake amesimama mlangoni, akaanguka pale uwanjani kifudifudi. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Siku mbili alilazwa. Mtoto alipona na mama alipona, lakini siku mbili zile hakuna aliyecheka.

Niliirudia sauti ya Bi Fatu nikiwa chumbani peke yangu, safari hii yote. Baada ya yale maneno ya mwanzo iliendelea: "...amekufa kwa kuvimbiwa ugali wa watu, mla panya yule. Atakayekuja mazikoni aje na jembe lake, maana marehemu alikuwa mvivu, la kwake liliota uyoga. Na ole wenu mkimzika karibu na shamba langu, atakuja kuniibia mpunga hata akiwa mfu." Mmakua alikuwa akimzika mtani wake Mmakonde, kama walivyozikana tangu ujana wao, na mtoto yeyote wa Mahurunga angejua hivyo kabla sauti haijafika nusu. Nilijua nilichofanya. Hata hivyo watu walipoanza kuuliza ni nani aliyeandika, niliandika kwamba taarifa ilitoka kwa Bi Fatu Nalinga, na kwamba hapa si mahali pa mzaha. Ilikuwa kweli, kwa namna ambayo mtu mwenye elimu anajua kuifanya iwe kweli. Kisha nilitangaza kanuni: sauti marufuku, utani marufuku, kila ujumbe uandikwe na uwe na lebo. Nikamwondoa Bi Fatu kwenye kundi. Wiki iliyofuata, kwa kuwa watu hawakuacha kubishana, nilibana kundi niandike mimi peke yangu, na ukurasa nikaufunga vivyo hivyo. Mwenye habari aniletee mimi, mimi nitaipanga.

Nikiwa na umri huu naweza kusema nilikuwa na raha. Ukurasa ulikuwa msafi kama daftari la mwalimu mkuu. Hakukuwa na jogoo wa mtu wala matusi, na lebo zote zilikaa mahali pake. Sikujiuliza kwa nini habari zilipungua wiki hadi wiki. Kutoka mashamba ya juu, kwa kweli, hazikuja kabisa, kwa sababu msimu ule aliyekuwa kule na simu ya kupangusa alikuwa mmoja tu, yule niliyemwondoa. Jikoni nilimsikia mume wa Mwalimu akisema, "Lile grupu la mpangaji wako siku hizi limekuwa kama ubao wa matangazo wa ofisini." Mwalimu akamjibu, "Nyamaza, dirisha liko wazi." Nililifunga dirisha.

Mvua za Machi zilikuja kwa nguvu. Ni wakati ambao mpunga wa mabondeni umekaribia kukomaa, na wenye mashamba huhamia kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kulinda mpunga dhidi ya ndege mchana na viboko wakati wote. Mzee Hamisi na mkewe walikuwa kwenye dungu lao, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini, katikati ya bonde, ambako simu hazishiki mtandao. Watu wa Mahurunga wanajua kwamba maji ya Ruvuma hayaanzii kwao. Yakijaa mashamba ya juu asubuhi, bondeni kwao yanafika jioni au usiku wake, hata kama kwao hakujanyesha tone. Mbingu ya Mahurunga siku ile ilikuwa safi kabisa.

Nilikuwa nyumbani, kwa kuwa bandarini kulikuwa kimya. Mwalimu alirudi kutoka shuleni saa nane mchana, akanikaribisha mezani kama alivyofanya mara nyingi. Kulikuwa na ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, maana hatimaye alikuwa ameachana na ndizi zake. Aliwasha simu aliyokuwa ameizima akiwa darasani. Ikalia. Akaitazama akasema, "Ni yule Bi Fatu." Tangu siku ya ule msiba wa uongo walikuwa wamekuwa marafiki: Bi Fatu alimwona akiingia uani analia kwa ajili ya mtu asiye ndugu yake, akampenda, wakapeana namba. Sauti ilikuwa imetumwa tangu saa moja asubuhi. Mwalimu akaifungua mezani.

"Mwalimu, asalaam aleikum. Ni Fatu, niko huku mashamba ya juu. Nimetolewa kwenye grupu, siwezi kusema kule, na salio la kupiga sina, nakuomba unisemee. Maji yamepanda tangu alfajiri. Shamba la dada halionekani, tumebaki juu ya kichuguu sisi na kuku. Tafadhali mwambieni Mzee Hamisi Chilumba, ndugu yangu, atoke kwenye dungu, yeye na mkewe. Asisubiri mpunga. Nakuomba sana, Mwalimu."

"Anatafuta njia ya kurudi kwenye kundi," nilisema, nikaendelea kumega tonge.

Mwalimu hakula. "Kaka Bakari, mimi ni mgeni huku. Mara ya kwanza niliamini, nikaenda na kanga kumlilia mtu anayetafuna muwa. Wewe ndiye uliyezaliwa huku. Niambie, huyu mama anatania?"

"Anatania siku zote."

"Sijauliza siku zote. Nimeuliza leo."

Akaicheza tena. Tonge lilikuwa mkononi mwangu, na lilibaki mkononi. "Rudisha pale anapomtaja mzee," nilimwambia. Akarudisha. Mzee Hamisi Chilumba, ndugu yangu.

"Hajamtukana," nilisema.

"Kwani lazima amtukane?"

"Mwalimu, Mmakua anayemwita mtani wake 'mzee' na 'ndugu yangu' hajawahi kuonekana. Hakumwita hivyo hata alipokuwa akimzika. Huyu mama ameogopa."

Nilikimbilia chumbani kuchukua simu yangu. Nilianza kuandika kama nilivyozoea: MTO. Tahadhari kwa wakazi wote wa bonde. Nikasimama hapo. Ni nani angeyaamini maandishi yangu? Kwa maandishi hayohayo nilikuwa nimemuua mzee huyuhuyu miezi miwili nyuma. Na maneno yangu, hata yangekuwa mazuri namna gani, yasingeweza kubeba kile nilichokisikia mezani. Nikafuta. Nikamwomba Mwalimu anirushie ile sauti, nikaitupa kwenye kundi kama ilivyo, nzima, bila lebo, kisha nikalifungua kundi ili kila mtu aweze kusema. Majibu yakaanza kumiminika. "Huyu ni Fatu?" "Ni Fatu." "Mbona hatukani?" "Ndiyo nashangaa, hatukani mtu." "Jamani huyu mama analia." "Nani yuko karibu na bonde?" Mtu mmoja aitwaye Ismaili, mwenye shamba la mihogo kwenye mwinuko, aliandika maneno mawili tu: "Naenda mimi." Wengine wakagawana madungu palepale, nani amfuate nani na kwa njia ipi. Mtu wa Lindi aliyemkumbuka shangazi yake akamtaja, na mwingine akajibu kwamba yuko njiani kwake. Sikupanga chochote. Nilikaa kitandani nikiyasoma yakipita.

Yaliyotokea bondeni nilisimuliwa na Mzee Hamisi mwenyewe, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ismaili alifika chini ya dungu akihema, akamwambia ashuke, mto unakuja. Mzee akatazama juu, hakuna wingu. Akatazama mpunga, uliobakiza siku chache. "Nani amesema?" "Fatu." Mzee akacheka. "Mwambie Fatu nimeshakufa, wafu hawahami." Ismaili hakubishana naye. Alinyanyua simu juu na kumchezea sauti. Mzee alisikiliza, akasema, "Rudia." Ikarudiwa. Akamuuliza Ismaili, taratibu, kama anayeuliza habari za mgonjwa: "Hajanitukana hata mara moja?" "Hata mara moja." Mzee akageuka. "Mama Somoe, shika redio. Tunashuka."

Maji yalifika kabla ya magharibi. Hayakuja kwa kishindo, walisema. Yalikuja kama mtu anayekunjua mkeka, bonde lote kwa pamoja. Watu wote waliokuwa kwenye madungu walikuwa wameshapanda kwenye mwinuko. Dungu la Mzee Hamisi halikuonekana tena, hata nguzo. Mpunga wote ulikwenda. Hilo la mpunga limekaa nami miaka yote hii. Sauti ile ilitumwa saa moja asubuhi. Kama Bi Fatu angekuwa ndani ya kundi, na kundi liko wazi, watu wangeisikia saa moja na dakika mbili, wangekuwa na kutwa nzima ya kukata walichoweza, ya kuvusha mbuzi, ya kumtoa kila mmoja bila kukimbia. Mbuzi wa Ismaili, waliokuwa malishoni bondeni, walikufa, yeye akiwa anaokoa watu. Nusu siku ile niliichukua mimi. Nimefundisha vijana wengi kazi hii tangu wakati huo, na huwa nawaambia kwamba kupanga habari za watu ni kazi nzuri, ila mpangaji ajue anachokikata. Neno likitoka kinywani mwa mtu linatoka na mtu huyo mzima: nani alisema, kwa nani, amesimama wapi, kwa sauti gani. Mimi nilikuwa nikichukua neno na kumwacha mtu nje. Huwa nawaambia hayo wanafunzi wangu. Yanayofuata sikuwahi kuwaambia.

Barabara ilipopitika nilikwenda Mahurunga. Bi Fatu na dada yake walikuwa wametolewa kichuguuni kwa mtumbwi; nilimkuta uani kwake, yeye na Mzee Hamisi na mkewe, ambao alikuwa amewapa chumba baada ya maji kuingia nyumbani kwao, wamekaa kwenye mkeka wakibangua korosho. Nilipiga hodi, nikamwamkia. "Marahaba, Bwana Bakari," alisema. "Karibu sana. Mama Somoe, mletee mgeni kiti."

Kiti kikaletwa. Sijawahi kukaa mahali pabaya kama kiti kile. Wao chini, mimi juu kama mkaguzi wa shule. Nilingoja aniite mla panya, hakuniita. Aliniuliza habari za mjini, za kazi, za Mwalimu, kila swali kwa adabu ya kumuua mtu. Nilitoa maneno niliyokuwa nimeyatayarisha njiani, kwamba mfumo ulikuwa na upungufu na kwamba tumejifunza. Alitikisa kichwa kwa heshima. "Ndiyo, Bwana Bakari."

Basi nikasema. Nikasema kwamba jioni ile ya Januari sikuisikiliza sauti yake. Nilisikia maneno ya mwanzo tu, nikaikata, nikaandika.

"Maneno mangapi?" aliuliza Mzee Hamisi.

"Machache. Mpaka pale pa mazishi."

"Mimi nilizikwa kwa maneno machache?" Mzee alimgeukia mkewe. "Umesikia? Hata hotuba sikusomewa!" Mkewe akacheka mpaka korosho zikamtoka mkononi. Bi Fatu hakucheka. Aliweka kijiti cha kubangulia chini.

"Nikuulize jambo, Bwana Bakari. Yule Somoe alipoanguka pale uwanjani na mimba yake, watu walinitazama mimi. Mpaka leo wapo wanaonitazama. Alianguka kwa sauti yangu, au kwa maandishi yako?"

"Kwa maandishi yangu."

"Utayasema hayo kwenye grupu?"

"Nitayasema."

"Kwa mdomo wako. Siyo kuandika. Wakusikie."

Nilitoa simu nikasema palepale, mbele yao, na nikaituma sauti hiyo bila kuisikiliza tena. Kisha nilimrudisha kwenye kundi, nikampa na usimamizi, awe sawa na mimi. Nilihamia kwenye ukingo wa kiti ili nimwonyeshe kwenye simu yake: hapa unamwingiza mtu, hapa unafungua kundi, hapa unalifunga. Alifuata kwa kidole gumba kilichopasuka kwa utomvu wa korosho.

"Na hapa?"

"Hapo unamwondoa mtu."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote."

"Hata wewe uliyelianzisha?"

"Hata mimi, ukibonyeza jina langu."

Akabonyeza. Simu yangu ikatoa mlio mdogo mkononi. "Toka nje, mla panya," alisema Bi Fatu, "ukaone baridi ilivyo. Siku tatu. Na shuka kwenye kiti changu, nani alikuambia wewe ni mgeni?" Nilishuka nikakaa mkekani, wakanisogezea korosho za kubangua.

Nilizitumikia siku tatu zote. Mvua ilikuwa imeanza tena, na mimi niliyelijenga lile kundi kwa akili yangu mwenyewe nilikuwa nikisimama mlangoni pa jiko la Mwalimu Teresia kila jioni kuuliza mto umefika wapi. Siku ya kwanza aliniambia umetulia. Siku ya pili aliniambia hajui, anapika. Siku ya tatu alifuta mikono kwa kanga, akanipa simu yake, akasema nisikilize mwenyewe, Bi Fatu amerudi huko juu, ameituma sasa hivi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikasikiliza. Ilikuwa ya dakika nne na ushei. Tatu za mwanzo zilikuwa za kunitukana mimi, ukoo wangu na stashahada yangu. Habari ya mto ilikuwa mwishoni kabisa.